Sababu ya Safari ya Mama

Kila alasiri Sahla alirudi kutoka shuleni kwa njia ileile ya mtaa wa Shela, Malindi, na kila alasiri alisahihisha Kiingereza cha watu. Kibao cha kinyozi kilikuwa na makosa mawili. Cha muuza samaki wa kukaanga kilikuwa na matatu, na moja kati ya hayo lilimchekesha kila siku. Hakumwambia mtu yeyote, maana alifunzwa adabu, lakini moyoni alijipa alama. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, na darasani hakuwa na mpinzani katika somo la Kiingereza. Jambo hilo alilijua vizuri, pengine kuliko inavyofaa.

Akifika nyumbani alibadilisha sare, akala, kisha akaketi mkekani karibu na mama yake kumtungia uzi kwenye sindano. Mama yake, Mwanabibi, alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vidogo ambazo wanaume huvaa siku ya Ijumaa na siku ya Idi. Kofia moja ilichukua wiki tatu, wakati mwingine nne. Walikuwa wanawake saba walioshirikiana kazi hiyo. Mapenzi, aliyekuwa na mkono mwepesi, alichora maua kwenye kitambaa. Wengine walitoboa, wengine walizungushia uzi kila kitundu, na Mwanabibi ndiye aliyeunganisha vipande mpaka kofia ikasimama.

Mwezi huo kulikuwa na jambo. Waandaaji wa maonyesho ya kazi za mikono huko Maskati walikuwa wameziona picha za kofia zao. Wakaandika kwamba wangependa mmoja wa kina mama aende kwa siku tano, aonyeshe jinsi kofia inavyoshonwa, akutane na wenye maduka wanaotafuta bidhaa. Nauli na malazi wangetoa wao. Lakini walioalikwa walikuwa wengi na nafasi ni chache, kwa hiyo kila mmoja ajaze fomu, kisha kamati ichague. Wanawake wale wote walimtaja Mwanabibi bila kubishana, jambo ambalo si la kawaida kwao.

"Ukipata wewe, tumepata sote," alisema Mapenzi.

Sasa, watu wa mtaa ule wana desturi yao: safari haitangazwi. Utamwona mtu na sanduku mkononi na viatu vipya miguuni, umuulize, "Kwema? Wapi tena?" naye akujibu, "Hapa hapa tu." Hukasiriki, maana kesho ukisafiri wewe utajibu vivyo hivyo. Watu wanachelea husuda. Mwaka uliotangulia jirani mmoja aliitangaza safari yake mtaa mzima, na siku tatu kabla ya kuondoka akateguka mguu akiteremka ngazi. Huenda ngazi zilikuwa na maji, lakini mtaani walisema ni jicho. Sahla aliyasikia hayo na yakamkaa moyoni.

Mwanabibi naye hakutaka maneno. Waliomuuliza mbona siku hizi anashona hata kabla ya staftahi aliwaambia, "Nina kisafari, inshallah, niombeeni dua." Akishasema hivyo aliufunga mdomo.

Fomu ilikuja kwa Kiingereza. Mwanabibi alisoma Kiswahili vizuri na Kurani kwa ufasaha, lakini Kiingereza kilimpita kando.

"Wewe ndiye utakayenijazia," alimwambia binti yake. "Mimi nitasema, wewe utaandika."

Sahla alivimba kichwa siku nzima.

Siku ya Jumatatu, wakati wa mapumziko, alimwonyesha mwalimu wake wa Kiingereza alichokuwa ameandika kwenye daftari. Bi Moraa alikuwa mwenyeji wa Kisii na alikuwa amefundisha Malindi miaka sita. Alisoma, akakaza macho, akacheka.

"Umeandika kwamba mama yako ni 'international executive'. Ana ofisi ngapi?"

"Hana ofisi, Madam. Anashonea ukumbini."

"Basi watu wa Maskati wakimtafuta huyo bosi wa kimataifa watamwona wapi?"

Sahla akainamisha uso.

"Niambie mama ataenda kufanya nini hasa," alisema Bi Moraa. "Asubuhi atafanya nini, na mchana je?"

Sahla akaeleza. Asubuhi ataweka kofia mezani. Atashona mbele ya watu ili waone. Mchana atakaa na wenye maduka wamwambie wanataka kofia za namna gani. Bi Moraa alimwachia achague maneno mwenyewe, akimrudisha pale tu alipopanda juu mno. Mwishowe daftarini kukawa na maneno mepesi: hii ni "business trip", safari ya kikazi, anakwenda kuonyesha kofia na kukutana na wanunuzi, anawawakilisha wanawake saba.

"Neno limekuwa dogo, Madam," Sahla alinung'unika.

"Limekuwa la kweli. Neno zuri ni lile ambalo mtu akilisoma, kisha akamwona mama yako, hatashangaa."

Fomu ilikataa kufunguka kwenye simu ya mama, kwa hiyo Jumanne baada ya shule Sahla alikwenda kwa Thuku, mwenye duka la kompyuta karibu na soko. Duka lilikuwa jembamba. Wanaongoja huketi kwenye benchi nyuma ya anayechapa, na skrini zinawatazama wao kama zinavyomtazama yeye. Siku hiyo kwenye benchi aliketi Mama Zubeir.

Mama Zubeir hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu na habari nyingi, na hakupenda zimwozee mkononi. Isitoshe, alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika hoteli ya watalii, na Kiingereza alikijua.

Sahla alijaza jina, akajaza tarehe. Kisha fomu ikauliza sababu ya safari. Akafungua daftari na kuanza kuchapa neno la kwanza. Benchi likalia nyuma yake.

"Mwanangu, hiyo si Maskati naiona hapo?" aliuliza Mama Zubeir, shingo mbele. "Nani anakwenda? Mama yako? Kwa biashara gani?"

Sahla alihisi damu ikimpanda usoni. Akilini alimwona mama yake akiteleza kwenye ngazi zenye maji. Vidole vikafuta lile neno vyenyewe, vikaandika "holiday".

"Aa, anakwenda likizo," Mama Zubeir alisoma kwa sauti, akaegemea nyuma. "Na apumzike, masikini. Amechoka na sindano zile."

Sahla alikusudia kulibadilisha neno hilo jirani akishaondoka. Lakini Mama Zubeir hakuwa na haraka, na sehemu iliyofuata ya fomu ilitaka maelezo ya maneno mia moja. Aliyekwisha kuanza hana budi kuendelea. Akaandika kwamba mama anakwenda kumsalimia shangazi yake na kupumzika kwenye fukwe za kupendeza zenye mchanga wa dhahabu. Akapamba hapa, akapamba pale. Ilikuwa insha nzuri. Ingekuwa ya shule, angepata thelathini na saba kwa arobaini.

"Sahla, malizia, kuna mtu anangojea hiyo mashine," Thuku alimwita.

Akabonyeza kutuma. Thuku akamtolea nakala kwenye karatasi.

Nyumbani mama alikuwa ameshika kofia magotini. "Haya, nisomee nisikie nilivyosema."

Hapo ndipo Sahla angeweza kusema. Alifungua mdomo akidhamiria kusema. Lakini mama alikuwa amefumba macho ili asikilize vizuri, na uso wake ulikuwa na furaha. Sahla akaikunjua karatasi mbele yake, akasoma yale yaliyokuwa daftarini: safari ya kikazi, kofia mezani, wanunuzi, wanawake saba.

"Soma tena hapo pa wanawake saba," mama alisema.

Akasoma tena kitu ambacho hakikuwepo. Alijiambia kwamba anamkinga mama na jicho la watu, na wale wa Maskati watajali nini?

Jumamosi asubuhi simu ililia. Mwanabibi alikuwa na uzi kinywani, akamwashiria Sahla aweke sauti kubwa. Mpigaji alikuwa mwanamke, na Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu.

"Assalaam alaykum. Naitwa Lubna, nipo katika kamati ya maonyesho. Samahani dada, nimekuja na swali. Fomu yako inasema unakuja likizo."

Mwanabibi alitoa uzi kinywani. "Inasemaje?"

"Likizo. Kumsalimia shangazi yako, na kuziona fukwe zetu. Nami nimewahi kufika Malindi, nikajiuliza, mtu aliyezaliwa kando ya bahari ile apande ndege aje huku kutazama mchanga?"

"Mimi sina shangazi Maskati," Mwanabibi alisema polepole.

Hapo Bi Lubna akaeleza. Meza za maonyesho ni za watu wanaokuja kufanya kazi, si wageni wa likizo. Wenzake walitaka jina liondolewe, na mmoja alisema kwamba mtu ambaye picha zake zinasema hili na fomu yake inasema lile haaminiki. Kamati ingekutana Jumatatu asubuhi. Fomu nyingine hawawezi kuipokea, ila barua ya maelezo wataisoma, ikifika kabla ya kesho jioni, na iwe kwa Kiingereza kwa sababu wenzake hawajui Kiswahili.

Simu ikakatika. Mwanabibi aliiweka kofia chini.

"Sahla, si ulinisomea mwenyewe?"

Sahla akalia, na huku akilia akasema yote: Mama Zubeir, benchi, shangazi, fukwe, na ile karatasi aliyoishika mbele ya uso wake akasoma yasiyokuwepo.

"Nilikuwa nakukinga na jicho, mama."

Mwanabibi hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. "Nitakwenda kuwaambia nini wenzangu sita?" alisema. Kisha akainuka. "Chukua mtandio wako. Twende kwa mwalimu."

"Aniandikie yeye?"

"Utaandika wewe. Yeye ndiye atakayenisomea."

Maneno hayo yalimuuma Sahla kuliko kofi. Tangu alipojua kusoma, hakuna mwingine aliyewahi kumsomea mama barua.

Bi Moraa alikuwa akifua nguo uani. Aliwakaribisha ndani, akasikiliza mpaka mwisho, huku akijifuta mikono.

"Mama Sahla, mnisamehe, mimi ni mgeni hapa," alisema. "Kwa nini msiseme tu mnakoenda? Kwetu mtu akipata safari kama hiyo majirani hata nyimbo huimba."

Mwanabibi alitabasamu ijapokuwa alikuwa na majonzi. "Kwetu tunasitiri, mwalimu. Jambo halijakuwa, unaliimbia nini?"

"Sawa. Lakini fomu si jirani."

"Hilo ndilo huyu hakulijua," Mwanabibi alisema.

Sahla aliketi mezani, akaandika. Sentensi yake ya kwanza ilisema fomu ile ilikuwa na makosa "due to unforeseen circumstances", yaani kwa sababu ya mambo ambayo hayakutazamiwa. Aliipenda. Ilikuwa na heshima ya ofisini. Bi Moraa aliisoma juu ya bega lake.

"Haya mambo ambayo hayakutazamiwa, ni nani?"

Sahla akaweka kalamu chini. "Ni mimi, Madam."

"Basi andika jina lako."

Akakata mstari, akaanza upya. Safari hii hakupamba. Aliandika kwamba yeye ni Sahla, ana miaka kumi na mitatu, na ndiye aliyejaza fomu. Aliandika kwamba katika mtaa wao watu hawaisemi safari kabla haijafanyika, kwa kuogopa isiharibike, naye jirani alipomwuliza aliingiwa na hofu akaandika jambo lisilo kweli. Mama hana shangazi Maskati. Safari ni ya kikazi: ataonyesha kofia, atashona mbele ya watu, atakutana na wenye maduka, na nyuma yake wako wanawake wengine sita wanaoingoja kazi hiyo.

Bi Moraa akaichukua karatasi na kumsomea Mwanabibi kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Sahla alitazama sakafu. Mwalimu akafika mahali paliposema, "Mama yangu hakujua, kwa sababu nilimsomea yasiyoandikwa."

Mwanabibi aliinua mkono. "Hilo nalo lazima liwepo? Ni mtoto huyu. Watu wa mbali wamjue hivyo kwa nini?"

Hata baada ya yote, mama alitaka kumsitiri.

"Lazima liwepo, mama," alisema. "Bila hilo watadhani wewe ndiye uliyesema uongo."

Mwanabibi akateremsha mkono. Barua ikachapwa na kutumwa kwa mtandao alasiri ile ile.

Jumapili Sahla aliwaendea wale wanawake sita, mmoja mmoja, akawaeleza kwa mdomo wake. Mama hakumtuma. Wawili hawakumjibu kitu. Mapenzi alimsikiliza huku akichora, akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akampa kitambaa na msumari. "Keti utoboe." Sahla alitoboa mpaka vidole vikamwasha, na moyo ukapungua uzito.

Jumatatu ikapita kimya, na Jumanne pia. Mwanabibi aliendelea kushona, lakini hakuomba kutungiwa uzi.

Jumatano Sahla alipotoka shuleni alimkuta mama ameketi na simu mkononi. Ujumbe ulikuwa umeingia kwa Kiingereza.

"Nisomee," mama alisema.

"Tusimngojee Madam Moraa?"

"Nimekwambia wewe."

Sahla alipokea simu kwa mikono miwili. Alisoma kimya mstari wa kwanza, na uso ukamwaka. "Mama, wamekukubali! Wanasema kamati imezungumza, na Mwanabibi wa Malindi anakaribishwa." Mama alishika kifua akashukuru Mungu. Sahla aliendelea kusoma, kisha akasita. Mistari iliyobaki haikuwa tamu. Angeweza kuishia pale, na furaha ingebaki nzima, wala hakuna ambaye angejua.

"Kuna mengine," alisema. "Wanasema watu wawili katika kamati walikataa. Wanasema kwa sababu maelezo yetu yalichelewa, meza za mbele zimekwisha gawiwa. Yako itakuwa ndogo, huko nyuma. Na wanasema hilo ni kosa letu, si lao."

"Wamesema hivyo?"

"Wamesema hivyo, mama."

Mwanabibi alimtazama, na polepole akatabasamu. "Sasa najua kuwa unanisomea."

Akamvuta karibu kwenye mkeka. "Sikiliza, mwanangu. Mtu wa njiani akiniuliza naenda wapi, nina haki ya kusema kidogo, au kunyamaza. Kunyamaza si uongo. Lakini aliyenialika ana haki ya kujua naja kufanya nini, nami nina haki ya kujua kilichoandikwa kwa jina langu. Njia ya mwongo ni fupi. Hii yetu ilitaka kukatikia kwa Thuku, hata Mombasa hatujafika. Wewe unayo maneno makubwa, nami nayaonea fahari. Ila kwangu mimi Kiingereza chako kina faida kikiwa kweli. Kikiwa uongo, ni afadhali nisiwe na wa kunisomea."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Haya, nisomee tena, tangu mwanzo. Na hapo pa meza ndogo usipapite haraka."